Ghafla na Kughafilika: Historia Fupi ya Umakini wa Dereva

Utangulizi

Suala la usalama barabarani kwa kawaida huachiwa askari wa trafiki, wahandisi na madaktari. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba hata sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili tuna sehemu yetu katika suala hilo, na kwamba sehemu hiyo si ndogo. Tutazungumzia jambo moja tu, nalo ni kutekwa kwa fikra za dereva akiwa nyuma ya usukani. Kinyarwanda kina neno zuri kwa jambo hilo, kurangara, na tabia yenyewe huitwa uburangare. Kiswahili nacho kina kughafilika, kuzubaa, kupumbaa na, katika maandishi ya kitaalamu, kukengeushwa.

Hoja yetu ni kwamba jambo hili halikuzaliwa na simu ya mkononi. Lina historia ndefu, na sehemu ya historia hiyo imo ndani ya maneno tunayoyatumia kila siku. Anayeijua historia hiyo huitambua hatari mapema, na anayeitambua mapema ndiye awezaye kuikataa.

Muganza na barabara yake

Mfano wetu tunauchukua Muganza, umurenge (yaani tarafa) katika Wilaya ya Rusizi, Mkoa wa Magharibi wa Rwanda. Kabla ya mageuzi ya utawala ya mwaka 2006 eneo hili lilikuwa katika Mkoa wa Cyangugu, na wazee wengi bado hulitaja kwa jina hilo. Muganza iko katika bonde la Bugarama, karibu na mahali ambapo mipaka ya Rwanda, Burundi na Kongo inakutana. Mto Rusizi unaotoka Ziwa Kivu kuelekea Ziwa Tanganyika unapita upande wa magharibi, na hapa ndipo penye sehemu ya chini kabisa ya Rwanda, takriban mita 950 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Kamembe uko kwenye mita zipatazo 1,590. Kwa hiyo anayeendesha gari kutoka Kamembe hadi bondeni anateremka karibu mita 600, kona baada ya kona.

Muganza ndiko kiliko kiwanda cha saruji cha CIMERWA, kilichoanza uzalishaji mwaka 1984 na kupanuliwa mwaka 2015 hadi kufikia uwezo wa tani 600,000 kwa mwaka. Kiwanda maana yake ni malori. Bonde lenyewe ni la mpunga, na mpunga maana yake ni baiskeli zilizobeba magunia, wanawake wenye mizigo kichwani, na watoto wanaotoka shule wakitembea pembezoni mwa lami. Ongeza pikipiki za abiria na magari yanayokwenda mpakani, Ruhwa kwa upande wa Burundi na Kamanyola kwa upande wa Kongo. Barabara ni moja, na wote hao wanaitumia kwa wakati mmoja.

Tumechagua mahali hapa kwa sababu mbili. Kwanza, ni mahali ambapo sekunde chache za kuzubaa zina gharama inayoonekana kwa macho. Pili, Bugarama ni miongoni mwa sehemu za Rwanda ambako Kiswahili kimezungumzwa kwa muda mrefu sokoni, msikitini na, jambo linalotuhusu zaidi hapa, ndani ya magari.

Usukani ulitoka baharini

Kiswahili kiliingia Rwanda kwa njia ya wafanyabiashara na askari wakati wa utawala wa Wajerumani, uliokoma mwaka 1916. Chini ya Wabelgiji waliofuata, barabara nyingi zilichimbwa kwa kazi za shuruti, na magari yakaanza kuongezeka. Waislamu, waliokuwa nje ya mfumo wa shule za misheni, waliingia kwa wingi katika biashara, ufundi na udereva. Ndiyo maana kwa muda mrefu lugha ya gereji na ya safari ndefu ilikuwa Kiswahili, na hadi leo dereva kutoka Dar es Salaam, wa Bujumbura na wa Bukavu wakikutana kwenye foleni ya mpakani huelewana bila mkalimani.

Lakini lugha hiyo ya magari ilitoka wapi? Baadhi ya maneno tuliyakopa pamoja na mashine yenyewe: dereva, breki, gia, honi, na upande wa Kongo na Rwanda shoferi na feri. Mengine yalikuwepo kabla ya gari lolote kufika, kwa kuwa yalitoka majini. Usukani ulikuwa wa jahazi kabla ya kuwa wa lori. Chombo ni neno la mabaharia, na leo sheria na magazeti husema "vyombo vya moto". Shehena ilipakiwa ngalawani na majahazini kabla ya kupakiwa kwenye tela. Hata rubani, ambaye sasa anarusha ndege, zamani alikuwa mtu wa kuongoza chombo kupita kwenye miamba.

Pamoja na maneno hayo tulirithi pia busara. Aliyeshika usukani wa jahazi hakuachiwa kazi nyingine. Wa kutweka tanga alikuwepo, na wa kufoka maji alikuwepo. Methali zetu zinajua jambo hilo: manahodha wengi, chombo huenda mrama, mshika mawili, moja humponyoka. Lori nalo lilipata mgawanyo huohuo wa kazi. Dereva alikuwa na msaidizi, taniboi au utingo kwa Kiswahili cha Kenya na Tanzania, ambaye nchini Rwanda huitwa kigingi. Msemaji wa Kiswahili analijua neno kigingi kama kipande cha mti cha kukazia au kuzuia kitu kisiende. Mtu huyo alikuwa macho ya pili. Alitazama nyuma wakati wa kurudi, aliweka jiwe chini ya gurudumu, alikusanya nauli na kujibu maswali ya abiria ili dereva abaki na kazi moja.

Kwa hiyo wazo kwamba anayeendesha aendeshe tu si geni lililoletwa na polisi wa siku hizi.

Ajali, ghafla na gari "lililoacha njia"

Hata hivyo, lugha hiyohiyo iliyohifadhi busara imehifadhi pia kisingizio. Tutazame maneno mawili ambayo hayakosekani katika habari yoyote ya barabarani.

La kwanza ni ajali. Kwa asili yake ya Kiarabu, ajal ni muda uliowekwa, hasa mwisho wa uhai wa mtu. Kiswahili kililipokea likiwa bado na harufu ya majaaliwa, na ndiyo maana tunasema "ajali haina kinga". Kinyarwanda husema impanuka, neno linalohusiana na guhanuka, kuanguka kutoka juu. Katika lugha zote mbili tukio linaonekana kama kitu kinachomshukia mtu. Halionekani kama kitu chenye sababu.

La pili ni ghafla. Kwetu lina maana ya "mara moja, bila kutarajiwa". Lakini shina lake la Kiarabu ndilo lililotupa pia kughafilika, yaani kutokuwa na habari, kusahau, kuwa mbali kimawazo. Katika Kiarabu ghafla ni hali ya mtu asiyezingatia. Kumbe neno lilianza kwa kumwelezea mtu, na sisi tukalihamishia kwenye tukio. Mtoto "alitokea ghafla" barabarani. Lakini huenda mtoto alikuwa akionekana tangu mita mia moja nyuma, na aliyekuwa katika ghafla ni dereva.

Sarufi nayo inasaidia kuficha. Tunasoma kwamba basi "liliacha njia", kwamba lori "lilipoteza mwelekeo", kwamba gari "lilimshinda dereva". Katika sentensi hizo kiima ni chombo, na mtu ama hayupo ama ni mtendwa. Mtindo huo umezoeleka hata mashuleni, katika ile insha isiyozeeka ya "Ajali niliyoishuhudia". Jua linawaka, abiria wanacheka, kisha "ghafla bin vuu!" na gari limekwisha kupinduka. Alama hutolewa kwa tamathali za usemi. Swali la dereva alikuwa anafanya nini sekunde tano kabla ya "ghafla" haliulizwi.

Hatusemi kwamba kila ajali ni kosa la dereva. Breki hufeli, barabara huharibika, mvua ya Rusizi ni nzito. Tunachosema ni kwamba lugha isiyo na mtenda humnyima msomaji nafasi ya kujifunza.

Kutoka maongezi hadi simu

Historia ya mambo yanayoteka fikra za dereva ina hatua zake. Hatua ya kwanza ilikuwa binadamu mwenzake. Ndani ya mabasi mengi ya Afrika Mashariki paliandikwa onyo la kukataza kuzungumza na dereva gari likiwa katika mwendo. Aliyelipaka rangi onyo lile hakuwa amesoma saikolojia, lakini alijua kwamba masikio yakitekwa, macho hubaki wazi bila kuona.

Hatua ya pili ilikuwa redio. Mwaka 1930 kampuni ya Paul Galvin nchini Marekani iliuza redio ya gari iliyopewa jina la Motorola, na mara ukazuka ubishi. Wapo waliotaka redio hiyo ipigwe marufuku kwa kuwa ingemlaza au kumpumbaza dereva. Redio ilishinda, na baadaye ikaja kaseti, kisha sidii, kisha skrini.

Hatua ya tatu ni simu. Neno simu lenyewe linatokana na Kiajemi, likiwa na maana ya waya. Lakini simu iliyoleta balaa ni ile iliyoachana na waya. Nchini Rwanda huduma ya simu za mkononi ilianza mwaka 1998. Kabla ya hapo watafiti walikwisha kuonya. Mwaka 1969, Brown na wenzake nchini Uingereza waliwapa madereva kazi ya kujibu maswali kwa simu huku wakiamua kama gari lao lingeweza kupita katika nafasi zilizowekwa mbele yao. Mikono iliendelea kuongoza gari vizuri, kwa sababu hiyo ni kazi ya mazoea. Kilichoharibika ni uamuzi, kwani walijaribu kupita hata penye nafasi finyu kuliko gari.

Mwaka 1997 Redelmeier na Tibshirani, wakichunguza madereva 699 wa Toronto, Kanada, waliokuwa na simu na waliopata migongano, walikuta kwamba hatari ya kugongana wakati wa kutumia simu ilikuwa takriban mara nne ya wakati wa kutoitumia. Walikuta pia kwamba simu isiyoshikwa mkononi haikuonyesha kuwa salama zaidi. Mwaka 2009 utafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia Tech, Marekani, ulionyesha kwamba kwa madereva wa malori, kuandika ujumbe wa simu kuliongeza hatari mara 23.

Hapa tena jina linatudanganya kidogo. Tunaiita "simu ya mkononi", na kwa sababu hiyo tunadhani tatizo ni mkono. Dereva akitia kisikilizio masikioni hudhani amemaliza. Lakini mkono haukuwa tatizo kubwa tangu utafiti wa 1969. Tatizo ni kwamba fikra zimesafiri kwenda kwa anayeongea naye, na macho yanatazama barabara bila kuiona.

Sheria hufuata nyuma

Tukitazama sheria tunaona zikija baada ya chombo kuzoeleka. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu uchukuzi wa barabarani ulihitaji marekebisho yaliyoanza kufanya kazi mwaka 2006 ndipo useme wazi kwamba dereva apunguze kila shughuli isiyo ya kuendesha, na kwamba sheria za nchi zikataze simu ya kushikwa mkononi gari likiwa katika mwendo.

Rwanda ilikuwa na Agizo la Rais la tarehe 2 Septemba 2002 lililosimamia matumizi ya barabara, na kwa miaka mingi dereva aliyekamatwa akitumia simu alitozwa faini ya faranga 10,000. Mwaka 2015 magari ya abiria yalianza kuwekewa vidhibiti mwendo vya kilomita 60 kwa saa. Mwaka 2019 Polisi ya Taifa ilianzisha kampeni ya Gerayo Amahoro, maana yake "Fika kwa amani". Jina hilo limechaguliwa vizuri, kwani limetoka katika maagano ya kawaida ya watu na halina sauti ya faini.

Lakini kidhibiti mwendo hakidhibiti fikra. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa gari hupita karibu mita 17 kila sekunde. Anayetazama simu kwa sekunde 5 amepita zaidi ya mita 80 bila kuona. Katika mteremko wa kuingia bonde la Bugarama, mita 80 zinatosha kumaliza kona nzima pamoja na kila aliyekuwa nyuma yake.

Kutambua na kujizuia

Tumeona katika historia hii kwamba hatari hubadilisha umbo. Kwa hiyo dereva, na wengi wa wanafunzi wetu watakuwa madereva, asikariri orodha ya vitu vilivyokatazwa tu. Afadhali ajizoeze kujiuliza maswali matatu: Macho yangu yako wapi? Mikono yangu iko wapi? Fikra zangu ziko wapi? Chakula huteka mikono. Skrini na bango huteka macho. Ugomvi wa nyumbani, deni, msiba na simu huteka fikra, na hizo ndizo ngumu kutambua kwa sababu mtu huonekana ameketi vizuri.

Mazoea nayo huteka. Dereva anayevuka Rusumo kutoka Tanzania anahama kutoka kuendesha upande wa kushoto hadi kulia, na mwanzoni huwa macho sana. Hatari huanza baada ya saa chache, pale anapojiona ameshazoea. Jambo dogo likimteka fikra, mkono wake hurudi kwenye ada ya zamani. Na dereva wa Muganza anayepita njia ileile kila siku yumo katika hatari inayofanana na hiyo, kwa kuwa haitazami tena barabara anayoijua.

Kujizuia huanza kabla ya ufunguo. Simu izimwe sauti na kuwekwa mbali na mkono. Redio na njia zipangwe gari likiwa limesimama. Kama kuna kigingi, yeye ndiye apokee na kujibu, kama ilivyokuwa kazi yake tangu zamani. Jambo likiwa zito kweli, gari liegeshwe mahali salama ndipo lizungumzwe. Na aliyepokea habari ya msiba au amegombana na mtu asianze safari kabla moyo haujatulia.

Sehemu nyingine ya kujizuia si ya dereva. Sisi tunaopiga simu tumezoea kuanza na "Uko wapi?". Jibu likiwa "niko njiani, naendesha", neno linalofuata liwe moja tu: "Basi, tutaongea ukifika." Abiria naye ana ulimi. Wengi hunyamaza kwa sababu dereva ni mkubwa kwao, na kumkosoa mkubwa ni utovu wa adabu. Hapa ndipo mwalimu wa lugha ana kazi, kwa sababu Kiswahili kina njia ya kusema jambo zito bila kuvunja heshima: "Mzee, samahani, tunakuomba simu isubiri kidogo, sisi hatuna haraka." Sentensi hiyo ina samahani, ina ombi, na inampa dereva njia ya kukubali bila kuaibika. Mwanafunzi aliyeizoea darasani ataipata mdomoni siku atakapoihitaji. Asiyeizoea atanyamaza pamoja na wengine.

Hitimisho

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao milioni 1.19 walikufa barabarani duniani. Si wote waliokufa kwa sababu ya dereva aliyeghafilika, lakini waliokufa kwa sababu hiyo wangeweza kuwa hai bila kujengwa barabara mpya wala kununuliwa gari jipya.

Tunapendekeza kwa walimu wenzetu mazoezi matatu mepesi. La kwanza: wanafunzi wachukue habari ya ajali kutoka gazetini na kuiandika upya kwa sentensi zenye mtenda, pale ambapo habari yenyewe inamtaja, kisha wajadili ni nini kimebadilika. La pili: wakusanye maneno ya kuzubaa katika Kiswahili, Kinyarwanda na lugha nyingine wanazozijua, wayapange kwa maana, na kuuliza ni yapi yanamlaumu mtu na ni yapi yanaulaumu ulimwengu. La tatu: waigize abiria watatu na dereva mmoja mwenye simu, kila mmoja akitafuta namna yake ya kumwomba aiweke. Mwalimu asikilize heshima, na asikilize pia kama ombi limeeleweka.

Huko Muganza malori ya saruji yataendelea kupanda kuelekea Kamembe, na watoto wataendelea kutembea pembezoni mwa lami. Anayetoka shuleni mchana huu hana namna ya kujua kama dereva anayekuja anamwona. Anachoweza kufanya ni kukaa pembeni tu. Lililobaki liko kwa dereva, kwa kigingi wake, kwa abiria waliomo ndani, na kwa yeyote anayetaka kumpigia simu wakati huo.